Shavu la Bi Hester

Bi Hester Tolliver aliolewa na mwandishi wa hadithi za kutisha, na katika Baltimore ya miaka ile hiyo haikuwa sifa ya kutangaza kanisani. Kila wiki Bwana Lucian, mumewe, alitoa gazetini habari za maiti wanaobisha hodi na wauaji wanaoumbuliwa na tope la viatu vyao. Watu wakamwita mlevi. Si kweli. Kinywaji chake kilikuwa kahawa, na sala ya asubuhi haikumpita. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa moja tu: kila muuaji wake alisimulia kwa "mimi."

"Kwa nini usiandike 'yeye'?" Bi Hester alikuwa akimwuliza.

"Mke wangu, 'yeye' hamtishi hata paka."

Mwaka mmoja, theluji ilipoanza kuyeyuka, jino lilimvimbisha Bi Hester shavu likawa kama boga. Alikuwa binti wa mwalimu mkuu. Hakuwahi kufungua mlango kabla ya kuchana nywele. Akajifungia ghorofani, akamwapisha mumewe asimwambie mtu. "Ukiulizwa, sema sipokei wageni."

Bwana Lucian alilipenda neno hilo kupita kiasi. Jumamosi gazeti likatoka na hadithi yake mpya: mimi nilimzika mke wangu chini ya meko, nikapanga matofali upya, na majirani waliponiuliza nikawajibu kwamba hapokei wageni. Tena kwa bahati mbaya meko yao yenyewe yalikuwa yametoka kutengenezwa, kwa sababu ya moshi.

Jumatatu mlango uligongwa. Alikuwa Bi Dorcas Quigg, muuza chaza wa nyumba ya pili, sururu begani, na askari wa mtaa, mzee Pruitt, nyuma yake. Bi Hester alisikia yote kutoka juu.

"Pilipili usiyoila, Bi Dorcas, yakuwashia nini?"

"Yaniwasha, Bwana Tolliver. Tangu lini mkeo akapitisha wiki bila kuwatukana chaza wangu? Yuko wapi?"

"Hapokei wageni."

"Umesikia, afande? Neno kwa neno kama gazetini."

Mzee Pruitt alikohoa. "Bwana, hatutaki kukuaibisha. Mwite mama ashuke. La sivyo twende kituoni, na huyu afukue meko."

Bi Hester alimjua mumewe. Lucian alikuwa amekula kiapo, na angekubali kupitishwa mtaa mzima amefungwa pingu kuliko kukivunja. Katika ukoo wa Tolliver hakuna aliyewahi kukamatwa. Bi Hester akalishika shavu lake, akashuka.

Alivaa gauni jeupe la kulalia, na kitambaa cheupe kilichopita chini ya kidevu na kufungwa utosini, vile wafungwavyo taya wafu. Ngazi ikalia. Mzee Pruitt aliinua macho, kofia ikamwanguka, akatoka kinyumenyume mpaka barabarani. Bi Dorcas alibaki, ameng'ang'ania sururu.

"Bi Hester. U mzima, au umekufa?"

"Ni jino."

Bi Dorcas alimtazama vizuri. "Ungekufa ungependeza zaidi, shoga." Kisha akakaa kwenye ngazi, akalia ndani ya aproni yake. "Nilidhani hutaniambia tena chaza wangu ni wadogo."

"Ni wadogo," alisema Bi Hester kwa nusu ya mdomo, akakaa karibu naye.

Bwana Lucian alimwinamia jirani yake. "Tangu nianze kuandika, Bi Dorcas, hakuna aliyenisoma kwa makini kama wewe."

Mtaa ulicheka mpaka mavuno. Bwana Lucian hakuiacha "mimi" yake hadi alipofariki kwa homa, kitandani pake, akiwa na akili timamu, lolote lisemwalo. Na Bi Hester, katika sala zake, alimtaja Bi Dorcas mara tu baada ya mumewe. Wajukuu walipomwuliza sababu, aliwajibu kwamba wanawake wengi hupotea duniani na mlango usigongwe.

"Mimi," alisema, "nilijiwa na sururu."