Salamu kwa Mke Mwenzangu

Usiku ule, tranka la bati la Mwajuma likiwa limeshafungwa na kusimamishwa karibu na mlango wa sebuleni, nilipanda kitandani nikijifanya mtu mwenye amani. Asubuhi yake nilitakiwa kumpeleka mwanangu shule ya bweni. Ana miaka saba. Ndoo yake nyekundu nilikuwa nimeiandika jina kwa rangi nyeupe, ufagio umefungwa pamoja na godoro, na mke wangu Zuhura alikuwa amelala akinipa mgongo. Hatukuwa tumegombana, hatukuwa tu na la kusemezana.

Niseme kwanza kilichotufikisha hapo, maana ndoto isiyo na chanzo ni kelele tu.

Mwajuma alikuwa msemaji. Alirithi kwangu, na mimi ni kinyozi. Kinyozi asiyejua kusema ataishia kunyoa ndevu zake mwenyewe. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi nasi hapa Morogoro, ndiye aliyekuwa hasimu wake mkuu. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, hilo halina mjadala, na wao utani wao ulikuwa juu ya marehemu baba yangu, ambaye Mwajuma hata hakumkuta. Picha yake ilitundikwa sebuleni, kofia ya kufuma kichwani, jicho moja limekunjwa kwa jua. Asubuhi mama alikuwa akiita, "Mke mwenzangu, bado umelala? Mzee leo ananitazama mimi!" Mwajuma anatoka mbio na tongotongo zake: "Wewe umezeeka! Ananitazama mimi, mke mdogo!" Walikuwa na zamu kabisa za kumfuta mzee vumbi, leo huyu, kesho yule, na ole wake anayedandia zamu ya mwenzake. Hapo ni vita, na chai inapoa. Mimi nilikaa pembeni nikinyamaza. Baba hamtanii mwanawe, na mama hataniwi na mwanawe. Ndiyo mipaka niliyolelewa nayo, nami niliiheshimu.

Mama alifariki kabla ya mvua za vuli. Siku ya mazishi Mwajuma tulimpeleka kwa shangazi yake, kama wengi tunavyofanya kuwaepusha watoto na msiba, na aliporudi akakuta chumba cha bibi kimefagiwa. Haikupita muda akaanza darasa la kwanza katika shule ya Kiingereza. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu akasimama, mtu mpole tu, akasema, "Wazazi wangu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kuanzia leo Kiswahili kiishie getini. Na nyumbani vilevile." Tulipiga makofi. Nadhani mimi niliyapiga kuliko wote.

Tatizo ni kwamba Kiingereza changu kinatosha amri tu. Kula. Kaa. Njoo. Acha. Lala. Zuhura anaongeza oga na fanya haraka. Kwa maneno hayo tukaanza kulea mtoto. Sikuwa na neno la kumuuliza ameota nini, wala la kumweleza bibi yake amekwenda wapi, basi sikuuliza wala sikueleza. Kutwa nzima kibandani nasema na wateja mpaka mate yanakauka, halafu narudi nyumbani kuwa bubu. Na Mwajuma naye akazima. Kwanza alijibu kwa kichwa, halafu kwa mabega, halafu hata mabega yakaacha. Shuleni hasemi, nyumbani hasemi.

Mtaa haukukosa tiba. Dada yangu alisema mtoto analilia jina, abadilishwe. Jirani akasema ametupiwa kitu. Mteja mmoja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, alinihubiria kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, nimpeleke akakunjwe. Mwalimu mkuu mwenyewe alisema akiishi shuleni usiku na mchana, lugha itamwingia tu. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa. Niliona mwanangu anapotea huku namwangalia, na nisipofanya kitu atakuwa amekwenda moja kwa moja. Nikanunua tranka.

Basi nikalala, na mama akaja.

Nilijikuta kibandani kwangu, kioo mbele, mashine ya kunyolea mkononi. Kwenye kiti cha wateja alikaa mtu aliyejifunika kanga gubigubi. Sikushtuka, ndotoni mtu hashtushwi na yale yanayostahili kumshtua. Nikaifunua kanga nianze kazi, na ndani ya kioo nikamwona mama, mzima kabisa, na kipini chake puani. Nikataka kumwamkia. Neno la kumwamkia mama yangu nimelijua tangu sijaota meno, lakini kilichonitoka mdomoni kilikuwa amri, tena kwa Kiingereza: kaa. Naye alikuwa ameshakaa.

Nikajaribu tena, ikatoka: kula. Aibu ikanishika. Mama hakukasirika. Alinitazama kwenye kioo vile alivyokuwa akinitazama utotoni nikirudi na shati lililochanika, akingoja nijieleze.

Mara kiti si kiti tena, ni mbuzi ya kukunia nazi, na kibanda ni jiko letu la uani, na mama anakuna. Anakuna, anakuna, na sahani iliyo chini haina kitu. Mwajuma amechuchumaa kando yake na sare yake ya shule. Nangoja waanze. Najua lazima waanze, hao wawili hawajawahi kukaa jikoni bila kuchokozana. Mama anafungua kinywa, Mwajuma anainua macho, halafu wote wawili wananigeukia mimi. Nami nimesimama mlangoni, nimeushika mlango kwa mikono miwili kama mlinzi, na wao wanangoja ruhusa yangu.

"Mnasema naye nini siku hizi?" mama akauliza.

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kwa dhati, na kila nilichoshika kilikuwa oga, kaa, lala.

Tayari tunatembea. Mama yuko mbele, mimi nyuma na tranka kichwani, na barabara ya kwenda shuleni inapita katikati ya sebule yetu. Tranka ni zito mno, shingo inaniuma, lakini sithubutu kulitua mbele ya mama. Ghafla anasimama, anautazama ukuta.

"Mume wangu mmempeleka wapi?"

Naangalia. Msumari upo, picha haipo. Pamebaki mraba mweupe ambao haukuwahi kuona vumbi. Nataka kumwambia sijui, na hata neno hilo la sijui sina. Machozi yananitoka ndotoni, nayahisi yana moto. Mama anacheka kile kicheko chake cha mkono mdomoni, cha kuficha pengo.

"Wewe baba Mwajuma," akasema, "mtoto hasemi na watu wasiosema naye. Na hilo nalo la kufundishwa?"

Kisha akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayetuma mtu dukani kwa siri.

"Nipelekee salamu. Mimi kwake sifiki, amelala amegeukia ukuta. Mwambie mke mwenzangu, nimefika kwa mzee. Nimemkuta, na simpi."

Nilitaka kumwambia hiyo si kazi yangu. Mimi si mtani wa Mwajuma, mimi ni baba yake. Mama akanisoma usoni kabla sijatoa amri nyingine.

"Sikukwambia umtanie. Nimekutuma. Mjumbe hauawi, mwanangu."

Akanyoosha mikono, akanipokea tranka kichwani. Shingo yangu ikawa nyepesi, nyepesi sana, nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka, jirani anafagia uwanja wake. "Shikamoo, mama," nilisema peke yangu pale kitandani, na neno likatoka zima. Zuhura akageuka.

"Unasema na nani?"

"Na mama."

Alinitazama kidogo. Nafikiri wote wawili tulisikia kwamba tumesema, na hatujasema kwa Kiingereza. Hakuuliza zaidi, akaenda kubandika uji.

Mimi nikaenda sebuleni. Msumari ulikuwapo, picha haikuwapo. Mraba mweupe vilevile. Sijui ilikuwa haipo tangu lini. Labda jicho langu liliona jana na mimi mwenyewe nisione. Mtu mwenye haraka ya kwenda kazini haoni ukuta wa nyumbani kwake. Nikakumbuka uzito wa tranka ndotoni, nikapiga magoti, nikalifungua. Nilitoa sweta, nikatoa soksi, nikakunjua shuka la chini kabisa, na baba yangu akanitazama kwa lile jicho lake lililokunjwa.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Mwajuma alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani na gauni lake la kulalia, anaitazama picha mikononi mwangu, kidevu kimeanza kutetemeka. Alidhani namnyang'anya. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa amri ileile ya njoo. Nililimeza. Nikakaa chini sakafuni, tukalingana macho.

"Mwajuma, mwanangu, nimetumwa," nikasema. "Usiku nimemwota bibi. Anakusalimu. Amesema hivi: mwambie mke mwenzangu, nimefika kwa mzee. Nimemkuta, na simpi."

Jikoni mwiko uliacha kukoroga. Mwajuma aliniangalia, akaiangalia picha, akaniangalia tena. Uso wake ukakunjamana, nikajua hapo nimeharibu, mtoto atalia na kosa ni langu.

"Mwongo!"

Sauti ilikuwa imekwaruza, imekaa bila kazi muda mrefu.

"Mwongo huyo! Babu ninaye mimi!" Akaichomoa picha mikononi mwangu, akaikumbatia kifuani. "Nimemficha mimi! Mimi ndiye mke mdogo!"

Kule jikoni kitu kilianguka, sikwenda kutazama. Nilicheka na kulia kwa pamoja, pale pale sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu, na sikuona haya hata kidogo. Zuhura alikuja akasimama mlangoni na mwiko unaochuruzika uji, hawezi kusogea. Ni kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba chakula.

Na kinywa kikishafunguka, utakizuia na nini? Mwajuma alikaa mapajani mwangu na maswali yakamwagika. Huko kwa mzee ni mbali? Bibi amevaa kanga gani? Mbona hakuniaga? Nikajibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikasema sijui, na lile sijui lilinipa raha kulitamka. Halafu akaniuliza lenyewe.

"Anarudi lini?"

"Bibi amekufa, mwanangu. Harudi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Alikuwa analijua. Alikuwa anangoja tu mtu wa nyumbani amwambie.

Uji uliungua, tukaunywa hivyo hivyo. Bwenini hatukwenda. Mwalimu mkuu nitakwenda kumweleza, kwa adabu zote, na Kiingereza Mwajuma atakijua, wala sina ugomvi nacho. Kitamkuta ana mdomo wa kukisemea. Ndoo Zuhura ameshaitia maji ya kunawia. Tranka tulilisukuma mpaka ukutani, Mwajuma akapanda juu yake, akamtundika babu yake kwenye msumari. Akashika pindo la gauni lake la kulalia, akakifuta kioo cha picha taratibu, kona hadi kona.

"Baba, leo ukilala utamwona tena?"

"Sijui. Akija, nimwambieje?"

Akafikiri, mkono bado uko kwenye kioo.

"Mwambie leo zamu yangu," akasema. "Na kesho ni yake, lakini nitamshikia zamu mimi."