Shikamoo ya Mtu wa Chuma

Nisiwadanganye, mimi muvi za kuuana sizipendi. Miaka yote niliyokaa mlangoni mwa banda letu la video hapa Isevya, nikikata tiketi na kuuza karanga, risasi zikianza tu najifunika khanga usoni. Mwenye mapenzi nazo alikuwa mume wangu. Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kuzitafsiri, na Kiingereza chake chenyewe kilikuwa cha kuombea maji! Alichokielewa alikisema, asichokielewa alikitunga. Alikuwa amefunga na spika nje, juu ya bati, ili hata mpita njia asikie anachokikosa. Watoto hatukujaliwa. Tulikuwa wawili tu, na kelele zake.

Kuna picha moja ndiyo iliyompa jina. Askari anauawa, anaundwa upya kwa chuma, halafu anawasaka waliomuua, mmoja baada ya mwingine. Damu mpaka darini. Mwishoni anafika kwa mkubwa wao, mzee wa mvi kichwa kizima, anasukuma mlango na kusimama. Hasemi kitu. Basi mume wangu, mtoto wa Usinge aliyelelewa akaleleka, hilo lilimshinda. Unaingiaje kwa mzee wa watu kimya kimya hivyo? Akamsemea kwenye kipaza sauti, kwa sauti nzito: "Shikamoo, mzee!"

Na banda zima, wanaume wazima na ndevu zao, wakaitikia: "Marahabaaa!" Ndipo bunduki ikalia.

Tangu hapo ikawa desturi. Watu waliikariri ile picha, lakini walirudi kuisubiri marahaba yao. Hata mimi, ikifika hapo, nilikuwa nafunua khanga.

Presha ilimchukua ghafla. Hakuna aliyewahi kumrekodi, hata mimi mwenye simu. Nani anakaa kumrekodi mume anayemkoromea sikioni kila siku? Banda likabaki la mpira. Vijana wanakuja, wanapiga kelele zao, wanaondoka, nami nafagia maganda ya karanga na kwenda kulala peke yangu. Nimechoka kulala peke yangu, na nasema wazi.

Sasa, hivi karibuni, jirani anayeuza simu akaniambia ile picha imetengenezwa upya kuwa tamthilia ya televisheni, mtu wa chuma yule yule, mzee yule yule. Moyo ulinilipuka. Mniite mwehu, lakini nilitaka kitu kimoja tu: kuisikia ile marahaba tena. Sauti yake imekwenda, haya, basi niwasikie hata wale waliokuwa wanamjibu. Nikamwomba anijazie kwenye flashi, nikatangaza: Jumapili, baada ya ibada.

Loo, walijaa! Wa zamani wote, wengine na wake zao. Fundi baiskeli, rafiki mkubwa wa mume wangu, alikaa benchi la mbele kama zamani.

Mtu wa chuma akamkamata jambazi wa kwanza. Watu wakanyanyuka. Akamfunga kamba.

"Kamba?" mmoja akauliza.

Wa pili alipokimbia na gari, akapiga risasi. Tairi. Kisha akachuchumaa na kumhimiza mtoto fulani asome kwa bidii.

"Huyu stelingi au mtendaji wa kata?" Banda likaangua kicheko.

"Mama, mbona umetuletea uji wa mgonjwa?"

"Shemeji," fundi baiskeli akanigeukia, "hata damu ya kuku hamna?"

"Damu katafute machinjioni!" nikamjibu. Wakacheka, nikacheka nao, huku roho inaniuma. Kumbe walioitengeneza walitaka itazamwe sebuleni, bibi na wajukuu wamekaa pamoja. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa naangalia mtu wa chuma bila khanga usoni. Niliipenda. Nilitamani yeye awepo nimwambie.

Wakaanza kutoka, wawili wawili, wakijipangusa suruali.

"Jamani subirini! Ule mlango bado!"

Fundi baiskeli ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alinishika bega. "Mlango bila yeye wa nini, shemeji?" akasema kwa upole, akatoka.

Nikabaki na mabenchi. Picha ikaendelea, na kweli, ikafika. Nyumba ile, mzee wa mvi kwenye kiti. Mtu wa chuma akasukuma mlango na kusimama kimya. Sikufikiri. Nilikinyakua kipaza sauti chake, nikakipuliza vumbi, nikabonyeza.

"Shikamoo, mzee."

Sauti yangu nyembamba ikatoka mpaka nje kwenye spika ya batini. Mtu wa chuma akamnyanyua mzee taratibu na kumwongoza kwenye gari la polisi.

"Marahaba, mwanangu!"

Niligutuka. Ilitoka barabarani. Mzee mmoja nisiyemjua, anasukuma baiskeli yenye madumu ya asali, alikuwa amesimama kabisa, anaangaza huku na huku amtafute aliyemwamkia. Kwa kuwa hakuona mtu, akaielekea ile spika juu ya bati.

"Hujambo? Wa nyumbani hawajambo?"

Kipaza sauti nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili.

"Hawajambo, mzee," nikamwambia.