Tulipomfuata Mjomba Bandarini

Watoto wa siku hizi wanakwenda Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni, na wakirudi hawana la kusimulia. Mimi nilikwenda mara ya kwanza wakati wa Mjerumani, sijavunja ungo bado. Mjini nilikaa siku moja tu, na siku hiyo imenitosha.

Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kumchukua mjomba.

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anamlea na anampenda, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Dada yangu alikuwa mwali. Aliwekwa ndani tangu mvua za mwaka wa nyuma, anafundwa, analishwa, jua halioni. Na mwali wa nyumba yetu hakutoka mpaka mjomba aingie, amshike mkono, amvushe kizingiti. Hapo ndipo ngoma ilipigwa na mume akamchukua mke wake. Sasa mama yangu alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, mdogo wake, naye alikuwa bandarini Dar es Salaam anabeba mizigo. Kila tulipotuma maneno kwa watu wa reli, jibu lilirudi lile lile: kipande changu hakijaisha, mnyapara haniachii. Kipande ndicho cheti cha kazi cha wakati ule. Kila siku uliyofanya ilitiwa alama, na kabla hakijajaa huendi popote.

Upande wa mume wakachoka. Shangazi wa yule kijana alikuja mpaka uani kwetu, akakataa hata kigoda, akasema amesimama: "Sisi tuliposa mke, hatukuposa kuta. Vuli ikianza hajatoka, tutapiga hodi kwingine."

Dada alisikia, maana ukuta wa udongo hauzuii maneno. Chakula cha jioni alikirudisha kama kilivyokwenda. Alikuwa msichana mzuri sana, dada yangu, na mwali akishakataliwa akiwa ndani, watu hawaulizi kosa ni la nani. Wanasema ana kasoro.

Asubuhi mama akamwambia baba, "Nakwenda mwenyewe."

"Utamjuaje katika watu wote wale?"

"Nitamjua kwa uvivu wake."

Mimi nilichukuliwa nibebe kapu la magimbi. Tulishuka mlimani mpaka Morogoro mjini, tukapanda gari la moshi. Behewa letu lilikuwa la mbao tupu, na injini ilikuwa inakula kuni, cheche zinaruka zinatuangukia. Moja ilitoboa kaniki ya mama begani. Mama akaizima kwa mate, akasema gari hili lina adabu mbaya. Jioni tukafika, tukalala kwa mwanamke mmoja wa ukoo wetu aliyeolewa huko.

Kulipokucha tukaenda bandarini. Watu huniuliza, bibi, ulipoiona bahari ulifanyaje? Nilichota nikaonja. Chumvi. Nikatema. Kilichonishangaza mimi ni meli. Ilikuwa imesimama mbali kidogo, kubwa kuliko nyumba ya liwali, na matishari yanakwenda na kurudi yakishusha vyuma vya reli. Vyuma hivyo vilikuwa vinapelekwa bara, reli inaendelea kujengwa. Wanaume walipanga mstari chini ya chuma kimoja, wote bega moja, wakaimba, wakaenda kwa hatua moja kama jongoo.

Mimi ndiye niliyemwona mjomba. Alikuwa katikati ya mstari, amejifunga shuka iliyochakaa mpaka huijui rangi yake. Aliniona. Halafu akageuza uso upande wa meli.

Walipotua chuma mama akamwendea. Nami nikapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, anatazama miguu yake.

"Mwali anaoza ndani," mama akasema. Hakuuliza hali wala safari. "Wenye mke wanataka kuondoka. Twende."

"Dada, siwezi. Kipande hakijaisha."

"Basi nitazungumza na mnyapara wako."

"Usiende! Yule mtu ni mkali, dada, ana kiboko. Atakupiga mbele ya mtoto."

"Na anipige."

Mnyapara alikuwa amesimama juu ya rundo la vyuma, mtu mnene, kofia nyekundu ya tarbushi kichwani, kiboko kwapani. Mama alimfuata hadi chini ya rundo, mjomba nyuma yake anamvuta kaniki. Akamsalimu vizuri, kisha akamuuliza, "Bwana, wewe mwenyeji wa wapi?"

"Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Unataka nini, mama?"

Mama alikuwa anataka hilo tu. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikuchukulia kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Basi mama, aliyekuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa kwetu, akapanda chuma kimoja, akanyoosha mkono, akaivua ile kofia kichwani mwa mnyapara, akanivika mimi. Ilikuwa ya moto na imelowa jasho, ikanishukia mpaka machoni.

Kazi ikasimama. Hata wale waliokuwa na chuma begani wakasimama nacho. Mkono wa mnyapara ukashika kiboko. Niliinua kofia kidogo nione, na nikaona mama hajarudi nyuma hata kidole.

"Wewe mwanamke," mnyapara akasema polepole, "unajua hii ni kazi ya serikali?"

"Najua. Na wewe unajua baba yako alipita kwetu na pembe la ndovu begani? Aliomba maji, tukampa. Akaomba ugali, tukampa. Akaondoka hata asante hakusema. Nimekuja kuidai."

Makuli wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu wote. Mnyapara akawatazama, akamtazama mama, mdomo ukamshinda, na yeye akacheka.

"Kumbe Waluguru! Ndiyo maana nimeona mtu anatembea upande upande. Mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, mmezoea mlima, tambarare inawasumbua!"

"Afadhali mguu. Wewe bega limeota sugu, mzigo umeurithi."

"Haya, mtani, nimeshindwa. Unataka nini nikomboe kofia yangu?"

"Namtaka huyu," mama akasema, akamshika mjomba mkono. "Ni ndugu yangu. Nina mwali ndani anamngoja. Mkatie siku kwenye kipande chake."

Mnyapara akakunja uso. "Kipande gani? Huyu kipande chake kilijaa zamani. Nilimwambia nenda kwenu ukapumzike, akanishika miguu nimwandikishe kingine. Kilipojaa hicho, akaniomba tena. Mimi nikadhani kwao hana watu."

Mama aliuachia mkono wa mjomba kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Kweli?"

Mjomba alikaa juu ya chuma. Mtu mzima, amekaa pale, mikono magotini. "Dada, nitaingiaje kwa mwali mikono mitupu? Kule wote wanajua niko Dar es Salaam. Watangoja doti za kanga, wangoje sahani, wangoje mwavuli. Nikitokea na shuka hii watasema nini? Nilikuwa nasema mwezi huu nitapata. Sikupata. Nikasema ujao."

"Na mwanao anakaa gizani akikusubiri upate mwavuli."

Mjomba akavuta ncha ya shuka, akafunika magoti.

"Sikiliza," mama akasema, na sauti yake haikupanda. "Sikupanda lile gari lao la moto kufuata sahani. Sahani ninazo, nafinyanga mwenyewe. Mvua haingoji mpaka wewe utajirike. Ukikataa sema hapa hapa, mbele ya hawa, kwamba dada yako hana ndugu. Nitarudi niwaambie mjomba wa mwali amekufa, nao watamtafuta mwingine katika ukoo, hata kama ni kiwete. Sema."

Mjomba aliangalia mikono yake. Ilikuwa na kutu ya vyuma mpaka kwenye mistari ya viganja.

Wakati huo Mjerumani mmoja akatokea kwenye baraza ya forodha, amevaa nyeupe tupu, anauliza kwa ukali kwa nini vyuma vimelala. Mnyapara akashtuka, akashika kichwa chake kitupu. "Mtani! Kofia! Upesi, atanikata mshahara!"

"Mtu wangu kwanza."

"Mchukue, mchukue! Arudi ngoma ikiisha. Na jogoo mniletee!"

Mama akamgeukia mjomba. "Umesikia. Mlango uko wazi. Sasa ni wewe."

Mjomba akasimama. "Ngoja nikaoge," akasema.

Ndipo mama akanivua kofia, akampa mwenyewe. Kiboko kikanyanyuka, chuma kikapanda mabegani, wimbo ukaanza pale pale ulipokatika.

Mchana uliobaki tulizunguka mji. Niliona kanisa la Wajerumani lenye paa jekundu, barabara zilizonyooka kama zimepigwa uzi, na askari wa kwetu weusi wanafundishwa kugeuka kwa pamoja. Mjomba alitutangulia, ametakata, shuka ile ile imefuliwa na haijakauka vizuri. Mama alinunua chumvi, akasema mji ni mzuri kwa mtu asiye na shamba.

Kesho yake, garini, mjomba alilala, au alijifanya. Tulipopita Kingolwira na milima kuanza kuonekana vizuri, akaamka, akauliza, "Yule shangazi wa mume, bado ana ulimi?"

"Anao. Lakini wewe umekua, hutaukimbia tena," mama akasema.

Siku ya kumtoa mwali uwanja ulijaa. Watu walitazama mikono ya mjomba kabla ya uso wake, hilo nililiona kwa macho yangu, na yule shangazi akamnong'oneza mwenzake hata hakujificha. Mjomba alipita katikati yao, akaingia ndani. Ngoma zikangoja. Halafu akatoka amemshika dada mkono, dada amekuwa mweupe kwa kukosa jua, amenona, amefumba macho kwa mwanga.

Mwali hasemi siku ile. Anainamisha kichwa, anaongozwa, basi. Lakini dada alifumbua jicho moja, akamtazama aliyemshika, akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Mjomba, umekonda."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka shangazi naye akapiga, apende asipende. Mjomba alikuwa analia, hakujifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umemshika mwali na mwingine umeziba kinywa. Vuli ilipoanza, dada alikuwa kwa mumewe, analima.