Vidonge vya Kutuliza Mawazo Siku ya Posa

Leo nacheka, lakini jamani, kwa miaka mingi mtu akitaja Rangwe mbele yangu nilikuwa najifanya nafunga kamba za viatu.

Mnanijua nilivyo, mwili umekaa hapa na kichwa kiko sokoni, nadakia maneno kabla mwenzangu hajamaliza, na wasiwasi ukinishika ndiyo kabisa, magoti yanacheza mpaka meza inatikisika. Sasa mjomba aliyemlea Achieng, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa ameniona mara moja tu, kwenye kibanda changu cha mitumba pale Migori, akamwambia Achieng kwamba kijana huyu hatulii, na asiyetulia hawezi kushika nyumba. Kwa hiyo siku ya kupeleka posa kazi yangu ilikuwa moja: kukaa kwenye kiti kama mtu mzima.

Binamu yangu Ouma alikuwa amerudi kutoka kusoma ng'ambo, akaniambia huko hali yangu ina jina refu la kidaktari, kwamba ubongo una kemikali zake za kupelekeana habari, na wapo wanaomeza vidonge vya magnesiamu kupunguza wasiwasi, ingawa si kila mtu vinamsaidia. Akanipa chupa na maelekezo. Maelekezo niliyasikia nusu (wakati wa ile nusu nyingine kulikuwa na punda amegoma katikati ya barabara, nani angeacha kutazama?). Asubuhi ya safari moyo ulinidunda vibaya, nikajiambia kama kimoja kinatuliza kidogo, kiganja kizima kitanituliza kabisa. Nikavibugia kwa chai.

Tulifika Rangwe kwao Achieng, mimi, Ouma na wazee wetu, tukakaribishwa, nikakaa, na kweli nilitulia, mpaka mjomba akaanza kunitazama kwa jicho zuri. Halafu tumbo likanguruma. Jasho likanitoka, nikakunja miguu, nikaikunjua, nikasimama, nikakaa. Ouma akaninong'oneza, "Ulimeza ngapi?" Nikamwambia kiganja.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hiyo kitu ukizidisha inaharisha."

Na kwetu mkwe haingii choo cha wakwe zake, hata kwa dawa. Choo chenyewe nilikiona, kipya, mlango wazi, pale pale uani. Nikasema samahani wazee, nikakipita mbio, nikakata shamba la mahindi, tai inapepea begani, watoto na mbwa nyuma yangu, hadi choo cha shule ya msingi upande wa pili wa bonde. Nikarudi, nikakaa, nikatoka tena. Safari hii watoto walitangulia kunifungulia mlango.

Niliporudi nilijua nimempoteza Achieng, na iliniuma kuliko tumbo. Alikuwa amesimama mlangoni, uso ameufunika kwa leso.

"Huyu kijana hatulii," mjomba akawaambia wenzake polepole, "hiyo siwezi bisha. Lakini amepita choo yangu mara mbili na hali ile. Mtu anaheshimu boma yangu hivyo, mimi nitampea msichana."

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nikacheka nao, nimebana magoti.

Tangu siku hiyo nimeapa, kidonge chochote, hata cha kichwa, simezi mpaka Achieng ayasikie maelekezo hadi mwisho, kwa sababu kati yetu anayetulia ni yeye: siku ile mimi nilikuwa nakimbia tu, yeye ndiye aliyesimama pale mlangoni, mbele ya wazee wote, akingoja kuona kama nitarudi.