Fungu la Mukarugwiza

Mukarugwiza alikulia Masisi, upande wa Kongo, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa tajiri mmoja akiwa amepanda farasi. Waliporudi Rwanda hawakuleta mali, ila yeye alijua farasi. Pale Giheke alilima mihogo kama wenzake, mpaka Hakimu, muuza vitambaa wa Kamembe, aliponunua farasi jike wa mashindano aitwaye Mvua, akakosa mtu wa kumfundisha.

Walipatana hivi: mshahara wa kila mwezi kwa kumlisha na kumfundisha. Mvua akishinda, fungu la kumi la zawadi ni la Mukarugwiza. Akiuzwa, naye apate sehemu.

Shindano la kwanza lilikuwa Bugarama, kwenye uwanda kando ya mashamba ya mpunga. Asubuhi hiyo Mukarugwiza alipapasa mguu wa mbele wa Mvua, akaukuta una moto.

"Leo hakimbii," alimwambia Hakimu.

Hakimu alikunja uso. "Maman, nilialika batu toka Bukavu. Na wewe utakosa fungu yako."

"Najua, Papa. Lakini mguu ukivunjika, hatakimbia tena hata siku moja."

Hakimu alirudi Kamembe bila kumuaga.

Mukarugwiza hakukata tamaa. Alimsimamisha Mvua katika maji baridi ya kijito, akamtembeza polepole, hadi mguu ukapona. Kiangazi kilichofuata, Aimable, kijana aliyempanda mashindanoni, akiwa mgongoni, Mvua aliwaacha farasi wengine nyuma kabisa. Hakimu alimpa Mukarugwiza fungu lake palepale uwanjani, naye akaezeka nyumba yake kwa mabati mapya.

Haukupita muda, mnunuzi akaja kutoka Bukavu. Kabla ya kumjibu, Hakimu alipanda hadi Giheke.

"Nikimuuza, uko na sehemu yako. Unasema nini?"

Mukarugwiza aliendelea kumpiga Mvua brashi. "Usimuuze, Papa. Azae kwanza. Hiyo sehemu siitaki. Unipe mutoto wake wa kwanza."

Hakimu alimtazama farasi, kisha mwanamke. "Kama ungemukimbiza siku ile, leo hakuna mwenye angemutaka," alisema. "Mutoto ni wako."

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua wa mwaka uliofuata, jike mwekundu kama mama yake. Mukarugwiza alimkausha kwa kitenge chake, akasubiri mpaka miguu ile mirefu ikasimama na kuanza kutafuta ziwa la mama. Majirani walipofika kumtazama, tayari alikuwa akimwonyesha Aimable sehemu ya shamba la mihogo itakayogeuzwa malisho.