Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Bi Rula, naye hakuchukia. Alikuwa fundi cherehani anayeweza kufumua nguo ya mteja aliyekwisha kuridhika, kwa sababu yeye mwenyewe hajaridhika. Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu naye ana mambo yake, akapewa wifi anayeitwa Itafaa.

Itafaa alikuwa dada wa mumewe. Alikuja kusaidia kushona kwa muda, na muda wenyewe ukaota mizizi. Paa likivuja, anasogeza kitanda na kusema hajawahi kulala upande huu wa chumba. Umeme ukikatika, anafurahi kwamba leo watapiga soga bila kelele za redio. Funguo zikipotea anapita dirishani, kwa umri wake ule na mwili wake ule, na kutokea upande wa pili akicheka. Kila mkosi kwake ni matembezi. Bi Rula alikuwa amechoka naye. Mtu anakunyima hata haki yako ya kukasirika, halafu unaambiwa umshukuru.

Siku hizo lilikuwa linashonwa gauni la harusi la binti yake Bi Rula mwenyewe. Binti alikuwa amesema, kwa upole lakini amesema, kwamba angependa la dukani. Mama mtu akanuna siku kadhaa, mpaka binti akalegea: haya, nitakuja Jumamosi jioni kulijaribu, likinikaa vizuri nitalivaa. Fundi wa kuwavisha watoto wa watu, halafu wa kwake aolewe na gauni la dukani. Bi Rula aliapa kwamba likikataliwa hili, cherehani ataifunika asiifunue tena.

Kitambaa kilikuwa satini, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Jumamosi asubuhi ilibaki mikono tu. Kwa kawaida unakunja kitambaa, unakata mara moja, unapata mkono wa kulia na wa kushoto. Lakini kilichobaki kilikuwa kidogo, hakikunjiki, ikabidi akate mkono mmoja mmoja. Baada ya ule wa kwanza alipaswa kuigeuza karatasi ya kukatia. Hakuigeuza, maana wakati huo alikuwa anamgombeza wifi yake kwa kuimba. Alipoinua mikono yote miwili kuilinganisha, yote ilikuwa ya kushoto.

"Nimekata mikono miwili ya kushoto," alisema taratibu, kama anayetoa habari ya msiba.

Wifi yake akaja kuangalia. "Itafaa."

"Itafaa nini? Mwanangu ana mikono miwili ya kushoto?"

"Geuza mmoja, upande wa ndani uwe nje. Si unakuwa wa kulia?"

"Utafifia. Mmoja unang'aa, mmoja kama bitana."

"Basi tufifishe na pengine. Vipande vya sketi ya gauni havina kulia wala kushoto. Tufumue kimoja cha upande wa pili, tukigeuze nacho. Wifi yangu, ukikosea mahali pamoja ni kosa. Ukikosea mahali pawili ni mtindo."

Bi Rula alijitanda khanga akaenda kwa muuza vitambaa, akaambiwa satini ile imekwisha na mzigo mwingine haujulikani utafika lini. Akarudi miguu ikimuuma, akamkuta Itafaa ameshika wembe na kipande cha sketi kimekwisha fumuliwa.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimewahi," alisema Itafaa. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo langu hilo ulilovunja."

Maji yalikwisha mwagika. Bi Rula akaketi kwenye cherehani na kushona kwa hasira, bila kumtazama mtu. Mara moja moja alikiinua kitambaa dirishani, akaona jinsi ule upande uliofifia ulivyotulia ubavuni mwa ule unaong'aa. Alipendezwa, na kupendezwa huko kukamuudhi zaidi.

Jioni binti akaja, akavaa, akasimama mbele ya kioo. Akajigeuza upande huu, akajigeuza upande ule. Bi Rula alivumilia, akashindwa.

"Huo mkono nimekosea," alisema. "Nilikata vibaya. Hiyo sketi tumeigeuza kuficha."

Itafaa alifumba macho.

"Umekosea wewe?" binti aliuliza. "Wewe, Mama?"

"Mimi."

Binti akacheka mpaka akaishiwa nguvu, na alipoishiwa nguvu akajiachia akakaa sakafuni, na gauni lake, katikati ya nyuzi na vumbi la chaki.

"Nitalivaa," alisema. "Unajua kwa nini nilitaka la dukani? Tangu mdogo nguo zako siwezi kukaa nazo. Nikikaa, unaniambia nimezikunja. Niliogopa nitaolewa nimesimama kutwa nzima."

Bi Rula hakujua kama anaijua habari hiyo au anaisikia leo. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, na karibu yote yalihusu vumbi. Akayameza. Kisha, kwa kuwa mwanawe alikuwa bado anamtazama, naye akashuka chini, magoti yakimlalamikia, akakaa bega kwa bega naye, huku akiuona wazi kabisa mkunjo unaoingia kwenye satini.