Nyumba ya Ndeeba

Virginie Vagheni alikuwa mshonaji wa nguo za shule mjini Butembo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na watu wa avenue yake walimjua kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kuambiwa tu akakubali. Ukimsifia nyanya za soko fulani, atakuuliza ni ndugu yako gani anayeziuza. Ukimwambia njia ya Beni iko wazi leo, atakuuliza umeipita saa ngapi, wewe mwenyewe, au umesikia kwa mtu.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Mbau, kwenye barabara ya Oicha, katika nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kijiti. Vita vilipowakimbiza kutoka kule, yeye na mume wake Gérard walifika Beni na mtoto mgongoni, wakampata mzee mmoja mwenye parsele, kiwanja chenye nyumba zake, mtu wa kucheka sana, aliyewapangisha nyumba ya pembeni kabisa, karibu na mashamba ya kakao. "Huku hapana kelele," aliwaambia. "Batu ya kule kati njo bako na shida. Musiangalie fasi ingine. Huku ni amani tu." Wakamwamini, hawakutafuta mahali pengine. Mwezi wa pili wa kukaa pale, alasiri ya Jumamosi, risasi zilitoka upande wa mashamba. Gérard alikuwa ameenda kuchota maji. Virginie alimzika Jumatatu, na siku ile ile majirani wakamwambia kwamba mzee mwenyewe alikuwa ameihama nyumba ile kwa woga, miezi mitatu kabla ya kuwapangisha wao.

Alipofika Butembo na binti yake Falonne na mashini yake ya kushona, alikaa juma zima bila kupanga. Alizunguka mitaa, kartye baada ya kartye, akiuliza wamama waliochota maji kwenye robinet, wauza mandazi, watu waliokaa vizingitini. Wenye nyumba hakuwauliza hata mmoja. "Mwenye nyumba anakuonyesha mulango," alizoea kusema. "Jirani njo anakuonyesha kile kiko nyuma ya mulango."

Miaka kumi na miwili ikapita kwa amani ya kushona na kushonea. Halafu habari za vita zikaanza kupanda kutoka upande wa Lubero kila juma. Shule zinafungwa leo, zinafunguliwa kesho, zinafungwa tena. Falonne alikuwa na miaka kumi na minne, na mama yake alichoka kumtazama akirudi saa tatu za asubuhi na daftari zisizoandikwa kitu. Hapo ndipo kaka mkubwa wa Virginie, Kitsa, seremala aliyekuwa Kampala kwa miaka mingi, alipoanza kumhimiza kwa sauti alizotuma kwa simu.

"Vagheni, mudogo yangu, unangojea nini kule? Nimesha kukupatia nyumba. Iko Ndeeba, vyumba mbili, robinet ndani ya parsele. Usiangalie fasi ingine. Ni hii tu."

Virginie alisimamisha mashini. Usiangalie fasi ingine. Maneno yale yalimchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye kiti. Akampigia kaka yake, yaya kama alivyomwita tangu utoto.

"Yaya, ile nyumba ni ya nani?"

"Ni ya mutu muzuri."

"Ule mutu muzuri iko na jina?"

Kitsa akacheka, akakohoa, akaanza kuzungumzia mvua.

Kuanzia siku ile Virginie aliyachunguza mambo ya kaka yake kama mtu anayekagua mshono mbovu. Zamani Kitsa aliandika ujumbe mrefu, hata vipimo vya mbao aliandika. Sasa ilikuwa mwaka mzima haandiki neno, anatuma sauti tu. Na picha za nyumba! Ya kwanza ilikuwa nusu ukuta na nusu mbingu. Ya pili ilionyesha mlango uliokatwa katikati. Ya tatu ilikuwa kidole chake. Mtu anayetaka uone nyumba, Virginie aliwaza, hawezi kupiga picha tatu namna hii. Kuna kitu hataki nikione.

Akazipeleka picha kwa jirani yake Sophie, aliyekuwa akienda Kampala kununua vitenge kila miezi miwili.

"Ndeeba?" Sophie alikunja uso. "Mama Falonne, kule ni kelele ya mashini ya mbao kutoka asubuhi mpaka magaribi. Na ni ndani ya bonde. Wende Makindye, kule juu ya kilima. Batu ya kwetu bako bengi."

Virginie akarudisha simu mfukoni. "Na kule Makindye unajua nani?"

"Tante ya bwana yangu iko na manyumba ya kupangisha."

"Njo vile," Virginie akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kuiona sababu.

Sophie akasimama. "Njo vile nini? Mutu hawezi kukusaidia bila umuchunguze kama mwizi?" Akaondoka na hasira, na kwa siku nne walipishana robinetini bila salamu.

Falonne aliyasikia yote. "Maman," alisema wakati wa kula, "hata yaya yako mwenyewe humuamini?"

"Ule muzee wa Beni alituambia maneno ile ile. Usiangalie fasi ingine."

Falonne akaendelea kumega bundu, ugali wao wa muhogo. Lakini mama yake hakutulia moyoni. Labda mwenye nyumba ni rafiki wa Kitsa wa kunywa. Labda parsele ile ina kesi. Labda Kitsa ameoa huko na anataka mdogo wake awe mtumishi wa mke wake. Kila sababu ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na kila moja ilifanana na kweli.

Mwishowe akafanya alichofanya siku zote. Alimwambia Kitsa kwamba atafika mwezi wa nane, pamoja na mtoto. Kisha mwezi wa sita akamwacha Falonne kwa Bénite, dada wa marehemu Gérard, akapanda gari kimya kimya. Walipopita Kalunguta aliona wamama wakiuza ndizi njiani kama siku zote. Walipopita Beni aliangalia magoti yake. Mpakani Kasindi ofisa mmoja, mtu wa Kasai kwa matamshi yake, akamwuliza anaenda kwa nani. "Sina mutu," alijibu. "Naenda kuangalia vitambaa." Hata yule hakumwambia ukweli.

Kampala alilala katika nyumba ya wageni ya wafanyabiashara wa kwao, na asubuhi akashuka Ndeeba peke yake. Sophie hakudanganya kuhusu kelele: misumeno ililia kila upande, na vumbi la mbao lilikaa hata kwenye nyusi za watu. Lakini Virginie hakuangalia mbao, aliangalia kuta. Na kwenye kuta, nyumba baada ya nyumba, aliona mstari wa rangi ya matope, kimo cha goti.

Karibu na mahali pa kupimia mbao, mama mmoja alikuwa akiuza bundu na kuwaita wateja kwa Kinande. Virginie akakaa, akala, akauliza kana kwamba hana haja.

"Maji inafikaka mpaka hapa?"

"Kila mvua ya nguvu. Tunapandisha vitanda juu ya matofali."

"Na ile nyumba ya wazi pale, yenye rangi mupya?" Mlango wake ulikuwa ule wa picha ya pili.

"Ile walipaka rangi juzi, juu ya matope. Weye unatafuta nyumba?"

Hasira ikampanda Virginie mpaka masikioni. Kwa hiyo Kitsa alijua. Mtoto wa mama yake alijua, kama yule mzee wa Beni alivyojua. Akasimama. "Kitsa seremala anaishi wapi?"

"Kitsa? Ule kipofu?" Yule mama akanyoosha mkono. "Mulango ya pili. Ukuta moja na ile nyumba ya rangi."

Virginie alibaki amesimama na neno lile. Kisha akaenda.

Kitsa alikuwa amekaa kizingitini, ameshika mguu wa kiti cha mbao, akiupapasa kwa kidole gumba kutoka juu kwenda chini. Alikuwa amekonda. Aliposikia hatua aliinua uso, akamtazama mdogo wake moja kwa moja, akamwuliza kwa adabu: "Karibu. Unatafuta nani?"

Kati yao zilikuwa hatua nne tu.

"Yaya," Virginie akasema.

Kidole kikasimama juu ya ubao. "Vagheni? Ulisema mwezi ya munane."

"Nilikudanganya."

Kitsa akainamisha kichwa. "Na mimi pia."

Wakaingia ndani. Akamweleza kwamba jicho la kuume lilikufa kwanza, na la pili sasa linaona mwangaza tu, kama mtu aliyejifunika shuka. Kazi ya msumeno ilimshinda. Wenzake wanampa vitu vya kupiga msasa.

"Sababu gani hukusema?"

"Ningesema, ungekuja kwa huruma. Nilitaka uje sababu ya nyumba."

"Na maji, yaya? Ulijua ya maji?"

"Nilijua. Lakini hapa nilisha hesabu hatua zote. Kumi na ine mpaka kwa robinet. Sabini mpaka kwa kazi. Fasi ingine sijui kutembea. Nikasema, weye ukiwa nyuma ya ukuta, nikiita utasikia."

"Kwa hiyo Falonne alale ndani ya maji, sababu weye unaogopa kujifunza hatua zingine?"

Virginie alimfulia nguo, akampikia, akafagia vumbi la mbao, yote bila kumsemesha. Machozi yalipomjia aligeukia ukutani, halafu akakumbuka kwamba hakukuwa na haja ya kugeuka.

Siku sita zilizofuata alipanda na kushuka vilima vya Kampala. Alikwenda Makindye pia, kwa yule shangazi wa mume wa Sophie, akiwa amejiandaa kwa uongo. Mama yule mnene alimfungulia nyumba, na kabla Virginie hajauliza kitu akamwambia: "Nyumba ni kavu, lakini huku juu maji ya robinet inakatikaka siku mbili kila juma. Kama huna mapipa, utateseka. Na ule jirani wa chini ana mbwa mubaya."

Virginie aliuliza kwenye nyumba kumi na moja za karibu. Wote walimwambia habari ya maji na ya mbwa. Hakupata kingine. Jioni akampigia Sophie Butembo, na baada ya kuzunguka sana na habari za hali ya hewa, akasema, "Tante yenu hakunificha kitu. Unisamehe."

Virginie akaipanga nyumba ile ya Makindye, lakini Kitsa alikataa kuhamia kule. Alikataa Juni nzima, akakataa Julai. Virginie na Falonne walipofika na mizigo mwezi wa nane, akakubali kwa sharti moja: afungiwe kamba kutoka mlangoni mpaka kwenye mapipa, na nyingine mpaka chooni. Virginie akazifunga mwenyewe, akazikaza sawasawa, na juma la kwanza alitembea nyuma yake akimhesabia hatua kwa sauti, kwa ukali, kama mwalimu.

Kitsa hajaomba msamaha kwa maneno, na mdogo wake hajayadai. Asubuhi Virginie anakaa kwenye mashini yake, na Kitsa kando yake anapiga msasa miguu ya viti. Falonne anakwenda shule kwa miguu. Mvua kubwa inapoanguka wanasikia maji yakiteremka kwa nguvu kando ya nyumba kuelekea bondeni. Kitsa anaacha kazi yake, anageuza sikio, anasikiliza mpaka yamalizike kupita. Virginie humwona, naye haulizi kitu.